Pumzi ya Bi Fechner

“Nipumulie,” Bi Kessler aliamuru, na Bwana Haug, mtu mzima mwenye kiwanda chake cha bia, akainama kama mtoto wa shule na kumpumulia usoni.

Bi Kessler alinusa, kisha akamgeuzia mgongo. “Dawa ya meno. Dawa ya meno na uongo.”

Wageni wengine walicheka kidogo, kwa woga. Ndivyo asubuhi zilivyoanza katika nyumba yake ya mfungo kando ya ziwa Bodensee: wageni wamejipanga ukumbini na majoho yao ya kuogea, naye anawanusa mmoja mmoja. Aliwadharau wote bila kubagua. Walikuja na matumbo waliyoyalea kwa miaka, wakalipa ili wanyimwe chakula, na bado walishindwa kunyimwa bila kuiba.

Chakula chao kilikuwa mchuzi wa karoti uliochujwa na chai ya majani. Mtu akishinda hivyo siku chache, aliwafundisha, ini lake huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo na moyo huishi kwa hizo, kama nyumba inavyoishi kwa kuni za akiba theluji ikifunga njia. Ziada hutoka kwa mkojo na kwa pumzi. Pumzi hunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na karatasi ya kupimia mkojo hugeuka zambarau. Mdomo hudanganya, alisema, karatasi haidanganyi.

Karatasi ya Bwana Haug ilikuwa haijabadilika hata kidogo. Jumatatu iliyopita Bi Kessler alimwonyesha karatasi hiyo Daktari Wirth, aliyepita hapo mara moja kwa wiki, akitaka amsaidie kumwaibisha mwizi. Daktari aliinua mabega tu.

“Karatasi hii ikigeuka zambarau, inasema tu mwili unachoma mafuta. Haisemi kwa nini,” alijibu. “Mgonjwa wa kisukari naye anaweza kunuka hivyo hivyo, hata kama katoka mezani sasa hivi. Na huyo ni wa kukimbizwa hospitali.”

“Wenye kisukari siwapokei, Daktari. Nawauliza palepale mlangoni.”

Alimdharau na daktari pia. Mtu aliyesoma miaka yote ile, halafu hata mwizi wa keki hawezi kumtambua.

Mmoja tu ndiye aliyemnyima nafasi ya kudharau. Bi Fechner, mwalimu mkuu kutoka mji wa Ulm, alikuwa amekuja kwa sababu alichoka ovyo tangu Krismasi, na karatasi yake ilikolea zambarau hadi ikakaribia weusi. Alikonda kuliko wenzake wote. Alimaliza jagi zima la maji huku wengine wakilazimishana kikombe, akaomba jingine. Asubuhi hiyo alisimama mwisho wa mstari akivuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyepanda mlima, na Bi Kessler hakuhitaji kumkaribia ili amnuse.

“Msikilizeni anavyopumua,” aliwaambia wengine. “Huyu ana nidhamu. Nyinyi mna vijiko.”

Bi Fechner alitabasamu kwa haya, akashika ukuta.

Mchana, saa ya kupumzika, kila mgeni alilala na chupa ya maji ya moto juu ya ini. Bi Kessler alipita vyumbani kukagua. Bi Fechner alifumbua macho nusu, akanong'ona jambo kuhusu tumbo, akayafumba tena. Chumba kizima kilinuka mfungo. Bi Kessler aliona fahari hadi machozi yakamlengalenga. Hatimaye, baada ya wazembe wote wale, alikuwa amempata mtu. Akamfunika blanketi, akafunga mlango taratibu.

Kisha akaenda kuwinda.

Za mwizi ni arobaini. Jioni ilipoanza kuingia alimkuta Bwana Haug nyuma ya rundo la kuni za sauna, ndevu zimejaa makombo ya keki ya plamu, na magotini pake boksi la duka la keki lililo ng'ambo ya barabara. Boksi lilikuwa tupu. Bi Kessler alimshika mkono wa joho na kumkokota mpaka ukumbini, ambako wenzake walikuwa wakiungojea mchuzi wao wa jioni.

“Boksi zima,” alisema, akiliinua wote walione. “Nguruwe wa kaka yangu huwa wanabakiza, Bwana Haug. Na huko juu amelala mwanamke ambaye hajatia kitu tumboni tangu afike, wala hajalalamika. Huoni haya? Funga mizigo yako. Ila kwanza utapanda ngazi, ukamwombe radhi yule mama.”

Bwana Haug alijifuta ndevu. Alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini sauti yake ilitoka kwa utulivu.

“Mimi nimekula vipande viwili tu.”

“Na vingine vimeliwa na panya?”

“Vimeliwa na Bi Fechner. Keki ni zake. Anazinunua kila siku, sisi tukiwa kwenye matembezi ya asubuhi, anakula hadi nashangaa zinakwenda wapi. Anasema hashibi. Mimi huwa ananipa kipande kimoja ili ninyamaze. Leo ndiyo mara ya kwanza kaniachia viwili, kasema tumbo linamuuma.”

Kuna aliyecheka. Bi Kessler alibaki ameliinua boksi juu, macho yakiwa kwenye ngazi, maneno ya daktari yakimrudia: hata kama katoka mezani sasa hivi. Kule juu, kwenye kitasa cha Bi Fechner, kilining'inia kibao ambacho Bi Kessler alikitundika mchana kwa mkono wake mwenyewe: Asisumbuliwe.