Boti Iliyouzwa

"Daraja la Beaufort," mumewe alisema redioni, "hapa ni Wilhelmina. Tunashuka kusini. Tufungulie, ndugu."

Loretta, aliyesimama kando yake na kamba mkononi, akamgeukia. Boti ya Wilhelmina waliiuza miaka ishirini na miwili iliyopita; hii ya sasa ni Pelican.

"Wilhelmina siioni, nahodha," alijibu mlinzi wa daraja. "Mbele yangu naona Pelican peke yake."

"Basi vaa miwani, mzee. Mimi napita hapa kila vuli."

Kidole gumba cha mumewe kilikuwa kikisugua usukani, palepale ambapo rangi ilishakwisha kwa kusuguliwa.

Loretta akaichukua redio mkononi mwake taratibu. "Ndio sisi," alisema. "Tufungulie tu, tafadhali."

Kengele zikalia, magari yakasimama kwenye manyunyu, daraja likaanza kuzunguka polepole kuwapisha. Mumewe akatabasamu, akainamia mlango wa chumba cha chini.

"Loretta, panda uone. Tumefika Beaufort."

Bega la Loretta mwenyewe lilikuwa linamgusa. Alimpita, akashuka ngazi tatu, akasimama kidogo gizani akijifuta uso.

"Abee," akaitika, akaanza kupanda.