Kura ya Muwasho

Noreen alisimama kabla hajapewa nafasi, akauliza kama kuna yeyote pale mezani aliyewahi kujikuna kwa uma.

Bernard, mstaafu wa posta, aliutazama uma uliokuwa kwenye sahani yake ya keki, akausogeza mbali.

"Uma huu wa kulia?" aliuliza Dk. Farzana, mwenyekiti wa kikao.

"Huohuo, daktari. Usiku wa manane. Mtu kaoga, kapaka mafuta yote yanayouzwa madukani hapa Keighley, na mgongo bado unamwasha mpaka shuka inaingia madoa ya damu. Akienda hospitali anaambiwa ni uzee. Asante, uzee tunaujua. Dawa iko wapi?"

Watu wakacheka. Noreen akakaa, ameridhika.

Walikuwa katika ukumbi wa kanisa, mvua ikipiga madirishani. Mfuko mmoja wa hisani ulikuwa na fedha za kugharimia utafiti mmoja tu wa maradhi ya wazee, na safari hii ulitaka wachaguzi wawe wananchi wenyewe. Maprofesa walileta maombi yao, wakashukuriwa, wakarudishwa makwao. Tangu asubuhi wananchi walikuwa wakiyachuja. Moja lilitupwa kwa sababu hakuna aliyeelewa hata kichwa chake, Dk. Farzana akiwemo. Sasa yalibaki mawili: muwasho wa ngozi, na misuli ya miguu inayobana usiku.

Utaratibu ulikuwa mkali kidogo. Kifuani kila mtu alibandika jina lake la kwanza tu, bila ukoo wala cheo. Waliofika pamoja walitenganishwa, wasije wakapiga kura kwa makundi. Kila mmoja alipewa kibandiko chekundu cha kuweka ukutani, chini ya utafiti anaoutaka.

Noreen alitegemea kupingwa, lakini si kutoka upande ule wa meza. Aliyeinuka alikuwa Clifford, mzee mrefu mwenye sweta ya kijani.

"Mama huyu anajua kusema," alianza. "Lakini hebu tuwe wakweli. Mtu kalala zake, mara mguu unabana kama umefungiwa kwenye jiliwa la fundi. Anapiga yowe mpaka jirani anagonga ukuta. Anashuka peku jikoni, anasimama kwenye sakafu ya baridi, analia. Mtu mzima na akili zake! Muwasho ni nini? Unajikuna, unalala."

"Unajikuna, unalala?" Noreen alimkazia macho. "Bwana Clifford, hebu yarudie hayo huku unanitazama."

Clifford akatazama dari.

"Na huo mguu," Noreen aliendelea, "ni dakika mbili tu. Unasimama, unaachia, yamekwisha. Watu wasitishwe bure."

"Dakika mbili! Msikieni jamani. Tuna jasiri hapa."

"Heri jasiri kuliko mtazama dari."

Dk. Farzana aligonga kikombe kwa kijiko. "Wazee wangu, chai kwanza. Mkimaliza kung'atana tutapiga kura."

Wakati wa chai Noreen alimfuata Bernard, ambaye alikuwa bado hajaamua. Kabla hajafungua kinywa, mkono wenye sweta ya kijani ulimletea kikombe.

"Kunywa, mama," alisema Clifford. "Koo lisije likakauka kabla hujashindwa."

Ilikuwa chai ya maziwa kidogo, bila sukari, vile anavyoipenda. Noreen aliipokea bila shukrani. "Usimsikilize huyu," alimwambia Bernard. "Mbishi wa kuzaliwa."

"Na wewe usimsikilize huyo," Clifford alisema akiondoka. "Akishika jambo, hata umpe nini haliachii."

Bernard alitikisa kichwa. "Nyinyi wawili mngefaa bungeni."

Noreen hakucheka. Alijua kwamba muwasho ukikosa fedha leo hautapata mfadhili mwingine. Ngozi za wazee hazina mashabiki. Alijua pia kwamba hana nguvu ya kuvumilia mwaka mwingine wa usiku kama ule, uma ukikwaruza gizani. Akamweleza Bernard hayo, polepole, bila mzaha wowote. Bernard alisikiliza hadi chai yake ikapoa.

Kisha wakainuka kupiga kura. Vibandiko vilikwenda huku na huku. Clifford alikibandika chake chini ya mguu na kukikandamiza kwa kidole gumba, kama anayegonga muhuri. Noreen aliweka chake chini ya muwasho. Mwisho pande zote mbili zilikuwa sawa, na kilichobaki kilikuwa kibandiko cha Bernard.

Bernard alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Alijikuna kiwiko, akajikuna shingo. Akashangaa mwenyewe, akakibandika chini ya muwasho.

Noreen alipiga makofi kama msichana. Clifford alichukua koti lake, akatoka bila kuaga mtu.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Noreen alikuwa katikati ya uwanja wa magari, akitabasamu peke yake, mguu wake ulipobana. Alikumbatia nguzo ya taa, akauma midomo asipige kelele.

Clifford alikuja mbio. Alipiga magoti kwenye dimbwi la maji, akamvua kiatu bila kuuliza ni mguu upi, akakisukuma kidole gumba cha mguu juu na kukishikilia hapo mpaka msuli ukalegea.

"Ungenyamaza tu mle ndani," alisema, akihema, "leo wangeuchagua huu."

Noreen alipenyeza mkono ndani ya ukosi wa shati la Clifford, akamkuna mgongoni pale asipopafikia mwenyewe.

"Na mimi ningelala lini, mume wangu?"