Salamu ya Sauti Moja

Mwanahawa na pacha wake Mwanaidi walifundisha fizikia shule moja, wakipokezana vipindi bila kumwambia mtu. Kila asubuhi wanafunzi walisalimu kwa kubahatisha, wengine wakiita jina hili, wengine lile, na mwalimu aliyeingia alicheka tu.

Matanga yalipoanuliwa, Mwanahawa alirudi darasani. Somo la mwisho la Mwanaidi lilikuwa bado ubaoni, kwa mwandiko wake: chembe mbili zilizofungamana, hazitofautishiki kwa lolote; ukiipima moja, ulinganifu huo unavunjika, na ya pili umeshaijua bila kuigusa.

Wanafunzi walisimama.

"Shikamoo, Mwalimu Mwanahawa!"

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyekosea. Alichukua kifutio, akaugeukia ubao, na mkono haukuinuka.