Shukrani za Chura

Simba alipogatua madaraka, bwawa la bondeni likakabidhiwa Gavana Kiboko, naye akayachepusha maji yote mpaka nyumbani kwake. Siku ya kuhojiwa na Baraza alifika akikariri majibu yake.

Nyumbu akasimama. "Mheshimiwa Spika, kwanza nichukue fursa hii kumshukuru Gavana wetu…" Akashukuru mpaka muda wake ukaisha. Ngiri naye vivyo hivyo. Kiboko akaanza kusinzia.

Chura akauliza, "Maji yako wapi?"

"Kaa chini," Spika Kobe akamkemea. "Hujashukuru."

"Basi namshukuru Gavana. Tangu akabidhiwe bwawa, hakuna mwanangu hata mmoja aliyezama."

Wawakilishi wakapiga meza kwa furaha. Kiboko hakupiga. Katika Baraza zima, ni yeye tu aliyeelewa.