Umoja wa Kanali Hargrove

Jino la Asahel Pruitt lilidondoka vumbini mbele ya mahakama, na bendi haikuacha kupiga.

Ilikuwa Sikukuu ya Uhuru, mwaka 1819, huko Missouri, ambayo ilikuwa bado haijawa jimbo la Marekani. Magazeti yalikuwa yakiandika kwamba siasa za uhasama zimekwisha, Marekani nzima sasa ni ndugu. Kanali Hargrove, mwenye mashamba makubwa kuliko wote, alikuwa ameinua gilasi ya wiski kuutakia heri umoja huo. Ndipo Pruitt, seremala aliyehamia kutoka kaskazini, akapanda juu ya meza.

"Missouri ikiwa jimbo, hatutaki mtumwa hapa!" alipaza sauti. "Hata mmoja!"

Walimvuta miguu akaanguka kifudifudi. Hargrove mwenyewe alimtwanga kwa mpini wa mjeledi mpaka mpini ukapasuka.

"Sema umoja, mwana wa mbwa! Hatusikii!"

Watu waliangua kicheko. Mmoja akaja na ndoo ya lami ya moto ya kummwagia, inayofuka moshi. Pruitt alipouona moshi ule, alimng'ata sikio aliyemshika, akachomoka na kutimua mbio, damu ikimtiririka kifuani.

Alianguka mlangoni kwa Keziah, mfua nguo.

Keziah alikuwa ameisikia kauli aliyoitoa Pruitt juu ya meza. Yeye alikuwa mwanamke mweusi aliye huru. Mumewe, Cato, alikuwa mali ya Hargrove. Hakujiuliza mara mbili. Alimburuta ndani, akamfukia chini ya lundo la mashuka machafu.

Mlango ulipigwa teke, Hargrove akaingia na watu wake.

"Shangazi Keziah," Hargrove alisema akihema, akimwita kama wazungu walivyomwita kila mwanamke mweusi, "yuko wapi?"

"Nani, bwana? Mie nafua tu hapa."

"Damu hii mlangoni ni ya kuku?"

Keziah aligeukia kazi yake. Hargrove alimkamata mkono wa kulia, akautumbukiza kwenye sufuria ya nguo iliyokuwa ikitokota, akaushikilia humo kwa mpini uliopasuka. Keziah alipiga yowe mpaka sauti ikamkauka.

"Alipita... akaelekea mtoni, bwana! Mtoni!"

Wakatoka mbio na ndoo yao.

Pruitt alijitokeza taratibu, jicho moja limefumba. Keziah alimpa maji kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeanza kuambuka ngozi. Seremala alifuta mdomo wa kikombe kwa shati lake, kisha akanywa.

"Bwana Pruitt," Keziah alisema, meno yakigongana kwa maumivu, "mkishinda, Cato wangu ataachiwa?"

Pruitt alimkodolea jicho lake zima.

"Aachiwe akae wapi? Shangazi, sisi wazungu maskini tunaitaka ardhi hii tuilime wenyewe. Tumechoka kushindana na mikono ya watu weusi isiyolipwa. Tukishinda, mtavushwa mto nyote, muondoke Missouri."

"Hata mimi? Mimi si mtumwa wa mtu."

Pruitt aliuangalia ule mkono, akaweka kikombe mezani polepole.

"Hasa nyie mlio huru," alisema.