Wifi wa Ng'ambo

Fundi cherehani alitoa pini mdomoni, akasimama mlangoni na kupaza sauti.

"Wifi! Hizo nywele unasuka au unafuma jamvi?"

Zamani barabara ilikuwa nyembamba, magari yakikwama tangu asubuhi, na utani wao ulipita juu ya mapaa ya magari bila nauli. Leo imefunguliwa mpya, njia nne, lami nyeusi ti. Mke wa kaka yake, msusi wa ng'ambo, hata kichwa hakuinua.

Fundi akaita tena. Lori likapita na sauti yake.

"Haya maendeleo," akanung'unika, "yamenipa lami, yakaninyang'anya wifi."

Mara msusi akainuka na kigoda chake. Akakanyaga mistari ya kuvukia, rangi ingali nyeupe pe, magari yote yakasimama. Nyuma yake akafuata mteja, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Walipofika kwenye kisiwa cha zege katikati ya barabara, msusi akatua kigoda, akamkalisha mteja.

"Nimekusikia, mshona viraka wewe!" akapiga kelele. "Ila jibu lako si la kusikiwa na madereva. Njoo!"

Fundi akanyakua kiti chake, akatia mguu kwenye mstari wa kwanza. Basi likafunga breki.