Baba Manka na Theluji

Kabla ya alfajiri kisanduku cha tahadhari cha ukutani kililia tik, na bibi Aikande akaamka. Kila nyumba iliyo chini ya theluji ya Kilimanjaro huonywa kwa sauti ya marehemu wake, maana sauti ngeni watu walikuwa wakiipuuza.

"Mama Manka, jua la leo litakuwa kali," sauti ya marehemu mumewe ilisema kisandukuni. "Theluji iliyoganda usiku italowa na kuporomoka kabla ya adhuhuri. Shukeni bondeni. Na uvae soksi, miguu yako naijua."

"Umekufa na bado unanisema tu," akamjibu.

Binti yake Manka aliingia na mtoto mgongoni. Soksi za mama yake alikwisha kuzipasha moto jikoni. "Mama, twende. Unajua Baba huongea siku za hatari tu."

"Najua, mwanangu. Kiangazi chote hakunisemesha."

Akazivaa zile soksi polepole. Hakuona woga, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi tangu theluji ilipomfunika mumewe. Mlangoni aligeuka, Manka akisikia na mtoto akisikia, akakiambia kile kisanduku kwa upole, "Baba Manka, na kesho unisemeshe tena."